Filamu za Ulimwengu na Mtazamaji Wetu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Unguja)



Nimetakiwa niseme juu ya filamu za nchi za nje zinazoonyeshwa katika tamasha letu la filamu hapa Zanzibar. Huenda baadhi yenu mlitarajia niwasomee orodha ya waigizaji mashuhuri na tuzo walizotunukiwa. Mambo hayo hayapungui katika kurasa za burudani, nami sitayarudia. Nataka tulitazame jambo moja ambalo kwa sura ni dogo lakini kwa matokeo ni zito: filamu hizo zikisha kufika hapa kwetu, huwa zinasema na nani?

Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar lilianzishwa mwaka 1997, na maonyesho yake ya kwanza yakafanyika mwaka 1998. Tangu mwanzo lilijitambulisha kuwa ni tamasha la nchi za jahazi, yaani nchi zile ambazo kwa karne nyingi ziliunganishwa na pepo za kaskazi na kusi: Afrika ya Mashariki, visiwa vya Bahari ya Hindi, Bara Arabu, Ghuba, Uajemi na Bara Hindi. Wazo hilo lilikuwa la busara. Wakati sinema ya dunia nzima imeelemewa na nguvu za Hollywood, hapa palizuka tamasha lililotukumbusha kwamba jirani yetu wa kweli hakai California. Anakaa Mombasa, Moroni, Muscat na Mumbai. Hata tuzo yake kubwa ikaitwa Jahazi la Dhahabu. Na jioni, katika ukumbi wa wazi ulio ndani ya kuta za Ngome Kongwe, wananchi na wageni huketi pamoja kutazama jinsi jirani hao wanavyoishi, wanavyooana, wanavyogombana na wanavyozikana.

Sasa na tuingie ukumbini. Filamu ya Uajemi inasema Kiajemi, ya Senegal inasema Kiwolof, ya Madagascar inasema Kimalagasi. Chini ya picha hupita maandishi ya tafsiri, nayo aghalabu ni ya Kiingereza. Hiyo ni desturi ya matamasha mengi ulimwenguni, na haikubuniwa hapa. Kwa desturi hiyo mgeni aliyetoka Ulaya anaifuata hadithi bila taabu. Mwanafunzi wa chuo kikuu naye anaifuata kwa kukimbizana nayo. Lakini bibi aliyekuja na wajukuu zake, fundi seremala, mvuvi aliyeacha ngalawa yake pwani akaja kupumzisha macho, hao huona midomo inacheza tu. Mwaka mmoja niliketi nyuma ya mzee mmoja ambaye kila baada ya dakika chache alimgusa kijana wake bega na kumwuliza, "Anasemaje huyo?" Kijana alitafsiri mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tano akamwambia, "Ngoja, baba, nitakueleza ikisha." Mzee akanyamaza. Hakuondoka, kwa kuwa picha zilikuwa nzuri. Ila alikuwa amekwisha kutolewa nje ya hadithi, hali bado ameketi kitini pake.

Ndugu zangu, siwalaumu waandaaji wa tamasha. Wamefanya mengi kwa fedha kidogo, na wamewahi kuzipeleka filamu hata katika vijiji vya Unguja na Pemba, jambo ambalo matamasha makubwa yenye utajiri hayalifikirii. Ninachouliza ni kama sisi wengine, tunaokula mshahara wa umma kwa sababu tumesomeshwa na umma, tumelitazama tatizo hili kuwa ni letu.

Maana lugha yenyewe sasa ina hadhi kubwa. Mwaka 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi mojawapo. Mwaka 2021 UNESCO ikaitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi. Tumeshangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini lugha inayostahili kusikika mbele ya wakuu wa nchi yashindwaje kuandikwa chini ya picha ndani ya ua wa Ngome Kongwe?

Filamu zetu wenyewe tunapozipeleka nje hatusahau adabu hii. Amil Shivji alipoigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu, nayo ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, maneno yake ya Kiswahili yaliandikiwa tafsiri ya Kiingereza ili Mkanada asiachwe njiani. Vyema sana. Basi adabu tuliyomfanyia Mkanada nyumbani kwake, mbona hatujamfanyia Mswahili nyumbani kwake yeye?

Yawezekana mtu akasema kuwa ninadai anasa, kwamba sinema tangu zamani ilikuja na lugha za wenyewe na watu wakaridhika. Historia haisemi hivyo. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na kituo cha kutengeneza filamu za mafunzo kwa Waafrika. Mradi huo uliongozwa na Waingereza na kugharimiwa kwa sehemu kubwa na shirika la Carnegie la Marekani. Zilitengenezwa filamu zipatazo 35, juu ya mambo kama mmomonyoko wa udongo, minyoo ya safura, na faida ya kuweka akiba katika benki ya posta, kisha zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika na nchi za jirani. Filamu zile hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yaliandaliwa kando, katika sahani za santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za watu waliokusudiwa. Nia ya mkoloni tunaijua: alitaka raia mtiifu, mwenye kulima vizuri na kulipa kodi. Lakini zingatieni kwamba alipotaka kweli kusikilizwa, hakuja na Kiingereza. Alibeba santuri za Kiswahili juu ya lori katika barabara za vumbi za miaka ile. Shida ya vyombo haikumzuia, kwa kuwa alikuwa na haja.

Ziko pia filamu za Kihindi, ambazo wazee wetu wa Unguja na wa mwambao walizipenda kuliko nyingine zote. Raj Kapoor alitoa Awaara mwaka 1951, na ilipofika huku watu waliijaza kumbi, wakaziimba nyimbo zake vichochoroni bila ya kujua Kihindi. Mara nyingi mfano huu hutumiwa kuthibitisha kuwa tafsiri si lazima. Mimi nauona unathibitisha kinyume. Kwanza, Kihindi hakikuwa kigeni kabisa sikioni: dunia, wakati, habari, kitabu, hesabu, subira, maneno hayo Mhindi anayo na Mswahili anayo, sisi sote tumeyapata kwa Waarabu. Pili, filamu zile zilitungwa kwa nyimbo na vilio na ishara kubwa kubwa, hata asiyesikia neno alijua nani kadhulumiwa. Tatu, walikuwapo majirani wa Kihindi wa kuuliza, na walikuwapo mabingwa wa mtaa waliokwisha kuitazama filamu mara nne, ambao kesho yake waliisimulia barazani kwa Kiswahili safi. Tafsiri ilikuwapo, ndugu zangu. Ila ilifanywa na umma wenyewe, kwa mdomo, bila malipo.

Na umma haukuacha kazi hiyo. Video ilipoingia na majumba makubwa ya sinema yakafifia, vibanda vya kuonyeshea video vilipata watafsiri wao. Aliyevuma zaidi huko Dar es Salaam ni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Alikuwa akichukua filamu ya kigeni, akaisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu yenyewe, akieleza, akitania, akimwonya mtazamaji juu ya mhusika asiyeaminika. Hata ile Titanic ya Marekani aliisimulia. Wasomi wengi walimcheka. Walisema anapotosha, anaongeza ya kwake, anamtia Mzungu maneno ya Manzese kinywani. Ni kweli aliongeza. Lakini nani kati ya wasomi hao alitoa tafsiri iliyo sahihi zaidi akaipeleka kibandani? Mwanya ulikuwa wazi miaka na miaka, na aliyeuziba ni yeye. Hata Wajapani, zama za filamu zisizo na sauti, walikuwa na wasimulizi wao waliosimama kando ya pazia kuieleza picha, wakaitwa benshi, na wengine wakapata sifa kuwashinda waigizaji. Wajapani hawawaonei haya, wanawaandikia vitabu.

Naomba sasa niwapeleke Senegal, kwa mtu aliyelijua tatizo letu kabla yetu. Ousmane Sembène alizaliwa mwaka 1923, akafanya kazi ya upakuzi bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa. Riwaya zake zilisifiwa. Kisha akagundua kwamba wale aliowaandika, watu wa bandarini na sokoni, hawawezi kuzisoma. Akiwa mtu mzima wa umri wa miaka karibu arobaini, alikwenda Moscow kujifunza sinema, akarudi nyumbani kuanza upya. Alipenda kuifananisha sinema na shule ya jioni. Na mwaka 1968 alitoa filamu iitwayo Mandabi, ambayo ndani yake watu wa Dakar wanasema Kiwolof. Kulikuwa na shinikizo la fedha za Ufaransa kutaka Kifaransa, hata ikabidi atengeneze pia nakala ya Kifaransa. Lakini ile aliyoitaka yeye ni ya Kiwolof, na ndiyo inayokumbukwa.

Hadithi yake, ndugu watumishi wa umma, yatuhusu sana. Mzee mmoja asiye na kazi, Ibrahima Dieng, anapelekewa hawala ya posta ya faranga 25,000 na mpwa wake aliye Paris. Fedha nyingi si zake, ni amana. Anakwenda posta kuitoa. Karani anadai kitambulisho. Hana. Anakwenda kukitafuta, huko anadaiwa cheti cha kuzaliwa. Anakwenda kutafuta cheti; anaulizwa tarehe aliyozaliwa, naye hajui zaidi ya mwaka. Kila dirisha lina sharti lake, na kila karani, kwa kadiri ya kanuni, anasema kweli. Wakati huo majirani wamekwisha kusikia habari za fedha na wanakuja kukopa, na dukani deni la mchele linapanda. Mwisho wake jamaa mmoja msomi, mwenye suti na gari, anajitolea kumsaidia, naye ndiye anayezila fedha zote. Hakuna mwizi mwenye kisu katika filamu nzima. Kuna makarani, mihuri, na mzee asiyejua kusoma Kifaransa, lugha ambayo kila karatasi katika nchi yake imeandikwa.

Mimi nadhani hakuna semina ya utumishi bora inayoweza kumfunza karani wa dirishani kiasi hicho kwa muda wa saa moja na nusu. Lakini tazameni kichekesho chenye uchungu: tukiionyesha filamu hii Unguja kwa maandishi ya Kiingereza, tutakuwa tumemfanyia mtazamaji wetu yale yale aliyofanyiwa Dieng ndani ya filamu.

Walimu nao wanayo yao. Abbas Kiarostami wa Uajemi alitoa mwaka 1987 filamu juu ya mtoto wa shule, Ahmad, aliyechukua kwa bahati mbaya daftari la mwenzake. Mwalimu amekwisha kuonya kwamba yule mwenzake akirudia tena kuandika kazi ya nyumbani nje ya daftari atafukuzwa. Ahmad anakimbia hadi kijiji cha pili kulirudisha, huku kila mtu mzima anayemwuliza njia hamsikilizi. Ni hilo tu. Watoto wetu wangeielewa bila mhadhara wowote, laiti wangeelewa maneno.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, kwa sababu watu hudhani ni ya mitambo mikubwa. Si hivyo. Filamu ya dakika 90 ina vipande vya maandishi vipatavyo elfu moja, pengine pungufu, pengine zaidi kidogo. Kila kipande ni mistari miwili, na kila mstari haufai kuzidi herufi arobaini hivi, nacho hukaa mbele ya macho kwa sekunde chache tu. Mtengenezaji wa filamu hutoa orodha ya maneno yenye saa na sekunde zake. Mfasiri hukaa na kompyuta ya kawaida akabadilisha kipande baada ya kipande. Ugumu wake ni wa lugha, nao ndio ujuzi walio nao walimu.

Kiswahili katika jambo hili kina faida moja na hasara moja. Faida ni kwamba neno letu moja hubeba sentensi: "hatukumwambia" ni neno moja, na ndani yake mna mtendaji, mtendewa, wakati na ukanushi. Hasara ni kwamba maneno hayo ni marefu kwa herufi, na msomaji wa taratibu huachwa nyuma. Kwa hiyo mfasiri lazima ajue kukata. Asiyejua kukata ataandika insha, na picha itampita.

Lakini kosa ninaloliogopa zaidi ni kufasiri kutoka Kiingereza kana kwamba filamu ilitungwa kwa Kiingereza. Chukueni mambo ya ukoo. Mhindi ana neno lake la ndugu wa baba na neno lake jingine la ndugu wa mama (na huyo wa pili humwita mama, ambalo litawachekesha watoto wetu). Mwarabu anayatenga vivyo hivyo, na neno letu ami limetoka kwake. Mwolof ana mjomba wake, na ana shangazi ambaye, kama shangazi wa kwetu, ana sauti kubwa katika mambo ya watoto wa kaka yake. Sasa filamu ya ugomvi wa mirathi baina ya ami na mjomba ikipita katika Kiingereza, wote wawili wanakuwa mtu wa aina moja. Shangazi na mama mdogo nao vivyo hivyo. Mfasiri wetu asiyejua asili atapiga bahati nasibu, na hadithi nzima itapinduka. Ndiyo maana nasema mtazamaji wa Unguja ana haki ya kuzielewa filamu hizi kuliko hata yule mgeni aliyeandikiwa maandishi. Jirani wa jahazi wana baraza moja, na Kiingereza kimesimama katikati kama ukuta.

Yapo mapingamizi mawili ninayoyaheshimu. La kwanza ni kwamba wako wasiojua kusoma, na wazee ambao macho hayawahi. Ni kweli. Kwa vijijini nisingeweka maandishi. Ningemweka msimulizi, mwalimu wa palepale mwenye sauti na staha, aliyekwisha kuitazama filamu mara mbili na kushika maelezo yake. Lufufu alionyesha kuwa inawezekana. Mwalimu anaweza kuifanya kwa uaminifu zaidi, ingawa sidhani atachekesha vile. Pingamizi la pili ni la fedha. Nalijibu kwa kupunguza madai. Simwambii mtu yeyote afasiri filamu zote za tamasha. Tuanze na tano. Zichaguliwe mapema, orodha za maneno ziombwe kwa watengenezaji, wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vyetu vikuu wazigawane chini ya walimu wao, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar lipitie kabla hazijaonyeshwa. Waandaaji wataombwa jambo moja tu: nafasi ya kuweka mistari yetu juu ya pazia. Na mgeni asiyejua Kiswahili hatanyimwa kitu, maana maandishi ya lugha mbili huweza kukaa pamoja. Nchi zenye lugha zaidi ya moja zimefanya hivyo miaka mingi.

Kati yenu humu wamo wanaosema Kiarabu vizuri, wamo waliosoma Kifaransa, na nina hakika wamo waliokulia mitaani karibu na majirani wa Kihindi hata wakakishika Kihindi bila ya kusomeshwa. Ujuzi huo haumo katika majalada yenu ya kazi kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza. Ndugu Mwenyekiti, kwa idhini yako, walio tayari kujaribu filamu ya kwanza, nami napendekeza iwe Mandabi, waandike majina yao kwa Ndugu Katibu kabla hatujatawanyika, na kando ya jina waandike lugha wanayoijua mbali na Kiingereza.